Ya Kumi na Saba

Asubuhi redio ya kifuani hunitajia fungu langu:
"Changamwe, leo sitini na tatu."
Ndiyo nafasi iliyosalia
baada ya Miritini kushiba.
Behewa ni mia mbili na arobaini,
themanini waketi, waliobaki washike vyuma;
mlango, sekunde arobaini;
nami na kifaa cha kuhesabia, kimelala kiganjani kama kungu,
ta, ta, ta, kila bega likipita.

Bega, si mtu. Ndivyo tulivyofundishwa.
Mtoto wa mgongoni hana ta yake.
Mjamzito ni ta moja.
Kuli wa Shimanzi, mabega ya kuziba mlango,
naye ni moja.

Aliyenifunza kuhesabu hakuwa mtu wa reli.
Shangazi Mwanatumu wa Kuze,
akishona kofia za vito, akitunga huku akishona,
alinikamata vidole: nane huku, nane huku.
"Kumi na sita. Ya kumi na saba haina pa kukaa. Itashuka."
Nilikuwa na paka, Mfaume.
Nikamtungia, hakuenea.
Tukamkata mbele, akaingia Faume,
na tangu hapo katika ubeti ule
anakaa paka wa watu.

Sasa, wa sitini na nne.
Siku tatu mfululizo ni yule yule, Dzombo Mwaringa,
fundi wa saa, Mwembe Tayari,
mwenye kazi ile, na bado huchelewa.
Kamba naivuta mbele ya kifua chake.
"Hesabu upya. Mimi mwembamba."
"Mwembamba ni mmoja, Dzombo."
"Zimebaki sekunde kumi na mbili. Nazisikia."
Na kweli zilikuwa kumi na mbili.
Muda ulikuwepo. Pa kuweka mguu hapakuwepo,
au palikuwepo;
kilichokwisha ni namba.

Shangazi alifariki mwezi wa Rajabu.
Nilipewa daftari lake, kwa kuwa wengine walitaka cherehani.
Ukurasa wa mwisho, mistari mitatu, wa nne haupo:

    Mgeni ajapo kasi, mpishe aketi ndani
    mkeka hata mwepesi, kunja magoti mwendani
    na asiyepata nafasi, usimwate barazani

Nikahesabu kwa vidole. Tisa na nane.
Nikahesabu tena, polepole, kama anayekagua tiketi ya bandia.
Angeweza kusema *asopata*, mstari ukatulia.
Alijua. Ndiye aliyenionyesha pa kumkata paka.
Lakini huyu aliyekosa nafasi
kamwacha mzima, na silabi zake zote,
kasimama kizingitini, ubeti haufungi.

Jumatano. Sitini na tatu. Kamba.
Dzombo hakusema kitu, alishaanza kugeuka,
mfuko wa bisibisi ukimgonga pajani.
Sekunde tisa.
Niliinua kamba. Kidole gumba hakikushuka.
Mlango ukamuuma koti, ukafunguka,
ukafikiri,
ukafunga.
Treni ikaondoka na mmoja ambaye hayumo.

Daftari la kituo liko sawa: sitini na tatu.
Mkaguzi ametia saini, wino wa kijani.
Usiku nilikaa macho, nikilifikiria daraja la Makupa,
kama chuma husikia uzito wa mtu mmoja mwembamba.
Sitarudia. Namba si adui;
tulionyeshwa picha, mafunzoni, ya mlango uliofunguka njiani,
na kiatu kimoja kando ya reli,
nacho hakikuhesabiwa popote.

Alhamisi Dzombo alikuja mapema, wa tatu kwenye foleni.
Ta.
Akapita bila kunisalimu,
macho juu, kwenye saa ya kituo,
iliyo nyuma kwa dakika nne,
na uso wake ukakunjamana
kama wa mtu aliyesikia mstari umepungua.